Kilo za Mimba Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Shikamooni wakubwa wangu, na wengine wote habari za mchana. Asanteni kwa kuja na jua hili. Nawaona akina baba wachache pale nyuma. Sogeeni mbele, mada inawahusu.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Nimeombwa nizungumze na wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kisha wakapata mimba, au wanaotaka kupata. Zamani mada hii isingejaza benchi moja hapa Dar es Salaam. Siku hizi wapo waliokwenda India, wapo waliokwenda Uturuki, wapo waliowekewa puto la kujaza tumbo kule hospitali ya Mloganzila, na wapo waliofanya kimya kimya hata mawifi hawajui. Profesa Mohamed Janabi, yule daktari wa moyo, alipokuwa akiongoza hospitali ya Muhimbili alitusema sana kuhusu sukari na vitambi, hadi leo ukipanda daladala hukosi abiria anayekupangia mlo.

Wanawake hawa wakinijia, wengi hawaanzi na kichefuchefu wala miguu kuvimba. Wanaanza na mizani. Chukueni mama wa mfano, urefu mita 1.60. Alikuwa na kilo 110, akatafuta hela, akafanyiwa upasuaji, akashuka hadi 74. Alipokonda, mtaani walinong'ona kwamba anaumwa. Sasa ana mimba, mashavu yamejaa, shoga yake anamwambia, "Hee, umerudi mwenyewe!" Shoga anasifia. Mwenzetu usiku halali. Kliniki nesi anamwandikia kilo 77, mwezi unaofuata 79, na yeye akirudi nyumbani anaanza kupunguza chakula kwenye sahani.

Hapo ndipo ninapopaogopa mimi. Kwa mama huyu, kilo zinazopanda taratibu zina hatari ndogo kuliko chakula anachokiacha kwa kuziogopa. Kukonda kulimsaidia: uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na presha umepungua ukilinganisha na angebaki na uzito wa zamani. Ila waliofanyiwa upasuaji huu huzaa watoto wadogo kuliko inavyotarajiwa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mtoto mdogo ndiyo hofu yetu kliniki, na dawa yake si kushinda na chai ya rangi.

Hizo kilo zinakwenda wapi? Mtoto mwenyewe kilo tatu na kitu. Kondo la nyuma kama gramu 700. Maji ya uzazi karibu kilo moja. Mfuko wa uzazi wenyewe unakua, kilo nyingine. Damu inaongezeka zaidi ya kilo moja, matiti yanajaa, mwili unashika maji. Ukishatoa vyote hivyo, mafuta ya akiba yanabaki kilo tatu hivi kwa mama aliyeongezeka 12, na hayo nayo yana kazi kwenye kunyonyesha.

Kipimo tunachotumia kilitolewa mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya Marekani, na kinaangalia uzito ulioanza nao mimba. Kilo 110 za zamani hazihesabiwi tena. Mama wetu wa kilo 74 ana uwiano wa uzito kwa urefu (BMI: kilo ugawanye kwa urefu mara urefu) wa karibu 29, kwa hiyo anatarajiwa kuongezeka kilo 7 hadi 11.5. Angekuwa bado ana 30 au zaidi, ni kilo 5 hadi 9. Aliyefika uzito wa kawaida, 11.5 hadi 16. Kwa hiyo mama huyu akijifungua akiwa na kilo 84, hajaharibu kitu.

(Mama mmoja hapa mbele anauliza: na aliyebeba mimba mapema, mwezi wa tano baada ya upasuaji?)

Swali zuri, na linawapata wengi. Tunashauri kusubiri miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwaka wa kwanza mwili unashuka kwa kasi na akiba ya virutubisho inaisha. Lakini mwanamke aliyekaa miaka hapati siku zake vizuri, akikonda mayai yanaanza kutoka, na yeye bado anajihesabu mgumba. Mimba inaingia bila taarifa. Ikishaingia, usikate tamaa wala usijifiche. Wahi kliniki, tena wahi kuliko wenzako, maana utahitaji kupimwa damu na mtoto kupimwa ukuaji mara nyingi zaidi. Aliye na puto bado tumboni aende kwa waliomwekea, litolewe.

Na ukifika kliniki, sema. Jamani, semeni! Upasuaji wa siku hizi unaacha vikovu vidogo ambavyo nesi hawezi kuviona chini ya kanga, na kadi ya kliniki haina mahali inapouliza. Ile karatasi uliyopewa hospitali ulikofanyiwa, iliyolala kabatini kwenye bahasha, itoe, piga nakala, ibane kwenye kadi. Nesi anahitaji kujua ulifanyiwa nini. Kuna aliyekatwa mfuko wa chakula ukabaki mwembamba kama ndizi. Kuna aliyebakiziwa kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo wa chini, chakula kikaruka sehemu ya juu. Huyu wa pili ndiye mwenye mambo mengi.

La kwanza ni kipimo cha sukari. Kati ya wiki 24 na 28 mama hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi. Aliyeunganishwa utumbo akinywa hayo, sukari inashuka utumboni kwa mkupuo: jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota, kuhara, pengine kuzimia kwenye benchi. Omba upimwe kwa kidole nyumbani, kabla na baada ya kula, kwa wiki nzima. Ndiyo sababu hiyohiyo soda na juisi ya miwa havikufai.

La pili ni maumivu ya tumbo. Utumbo uliopangwa upya unaweza kujipenyeza mahali pasipo pake na kubanwa, hasa mimba inapokua na kuusukuma. Maumivu makali ya juu ya tumbo yenye kutapika usiyaite vidonda, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, na umwambie ulifanyiwa nini.

La tatu nawaomba hata wauguzi mlioko hapa mnisikilize. Mama wa aina hii akitapika siku nyingi, vitamini B1 inamwishia. Ukimtundikia dripu ya glukosi kabla ya kumpa hiyo B1, unaweza kumdhuru ubongo. Kwanza B1, halafu glukosi. Sitaki kulirefusha, ila liandikeni.

Sasa chakula. Kula kwa watu wawili, hapana, na hata ungetaka tumbo lako haliruhusu. Anza na protini, angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kwa hiyo ugali na mchuzi havitafikisha hesabu. Dagaa, samaki, maharage, kuku, mtindi, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Maji yanywe mbali na chakula, kama nusu saa.

Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, meza, ila kwako peke yake havitoshi. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi pale juu pa utumbo, ambapo kwa mliounganishwa chakula hakipiti tena. Wengi wenu mtahitaji pia sindano ya B12, kalsiamu na vitamini D. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa mbili. Na chai! Mtu anameza kidonge cha damu kwa chai ya rangi, kisha anashangaa damu haipandi. Maini mnayoambiwa yanaleta damu, kwa mjamzito yasiwe ya kila siku; yana vitamini A nyingi mno.

Halafu udongo. Mnacheka, lakini nikienda Kariakoo naona jinsi ile mifuko inavyonunuliwa. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe unazuia hicho kidogo kisifyonzwe. Ukijikuta unautafuna, usione aibu, kapime damu.

Mizani itakupa taabu kweli baada ya kujifungua, ndani ya arobaini. Mama mkwe anakuja na upendo wake: uji wa pilipili manga wenye sukari ya kutosha, mtori, supu yenye mafuta yanayoelea, na mzazi haruhusiwi kuinuka. Sisemi mumkatalie mama. Hata mimi nisingethubutu. Mwombeni supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, uji wa maziwa bila sukari, mtori wenye nyama nyingi kuliko ndizi. Nyonyesha, endelea na vidonge vyako, maana B12 ikipungua kwako na mtoto naye atapungukiwa. Kuhangaikia kilo subiri wiki sita zipite.

(Baba mmoja anauliza kuhusu uzazi wa mpango.)

Asante, baba, umesubiri mpaka mwisho kumbe ulikuwa na la maana. Kwa walioungwa utumbo, vidonge vya majira si vya kutegemea, kwa sababu huenda visifyonzwe vizuri. Kijiti au lupu ni bora zaidi. Sindano ya miezi mitatu nayo inazuia mimba, ila baadhi ya wanawake huwaongezea uzito, kwa hiyo mama aulize kabla hajatoa mkono.