Kifaa Gani cha Kuonea Usiku: Mhadhara kwa Walinzi wa Mashamba na Doria za Kasa, Malindi

Assalaam aleikum. Wazee wangu, kina mama mnaolinda mashamba kule Gede na Kakuyuni, vijana wa doria ya kasa kutoka Watamu, na nyinyi mnaoongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, asanteni kwa kuja mkiwa mmechoka na kazi.

Naanza na jibu, maana najua wengi mmekuja kuuliza pesa ziende wapi. Anayelinda shamba linalopakana na msitu atafute kamera ya joto. Anayetembea ufukweni kutafuta kasa atafute darubini ya usiku. Ukibadilisha hivyo viwili, utalala na hasira.

Darubini ya usiku inahitaji mwanga, hata kidogo. Usiku wa mwezi mpevu tunapata kama robo ya laksi, kipimo cha mwanga; usiku wa nyota tupu, sehemu moja ya elfu ya laksi hivi. Ndani ya mrija wake, mwanga huo unagonga utando unaotoa elektroni. Elektroni zinapita katika bamba lenye mamilioni ya vitundu, zinaongezeka maelfu ya mara, kisha zinagonga skrini inayowaka kijani au nyeupe. Mirija ya kizazi cha tatu ni ghali mno, na Marekani inadhibiti uuzaji wake nje ya nchi. Kwa hiyo mtakavyokutana navyo kwa bei ya kawaida ni vya kidijitali: kamera inayohisi mwanga hafifu, pamoja na taa ya infraredi ambayo jicho haliioni vizuri. Taa hizi hutofautishwa kwa urefu wa wimbi la mwanga: ya nanomita 850 inafika mbali zaidi, lakini ukiitazama utaona kijidoa chekundu. Ya 940 haionekani, ila haifiki mbali.

Kamera ya joto haijali mwanga kabisa. Mwaka 1800, mtaalamu wa nyota William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kuwa rangi zake, akaweka vipimajoto kando ya rangi nyekundu, pale pasipoonekana kitu, navyo vikapanda. Kila chenye joto kinatoa miale ya namna hiyo, nayo ni infraredi. Mwili wa binadamu unaitoa kwa wingi zaidi karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 9 hadi 10, na kamera hizi husoma kati ya 8 na 14. Kioo cha kawaida kinaizuia miale hiyo, ndiyo sababu lenzi zake ni za germaniamu, aina ya madini inayoipitisha. Ukiwa ndani ya gari, teremsha dirisha. La sivyo utajiona wewe mwenyewe.

Sasa tuje pwani yetu, maana vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi havikupimwa kwa jasho la Malindi. Kamera ya joto inaishi kwa tofauti: mnyama awe na joto zaidi ya kilicho nyuma yake. Hapa usiku unaweza kuwa na nyuzi 26, hewa imejaa mvuke, na mvuke wa maji unakula miale hiyo njiani. Mawe ya matumbawe yanashika jua la mchana hadi baada ya isha. Kuta za magofu ya Gede zinang'aa kwenye skrini kama zina uhai. Mabati yanafanya kinyume, yanaakisi ubaridi wa mbingu na kuonekana meusi. Mvua ikinyesha, kila kitu kinakaribiana joto na picha inafifia. Saa nzuri ni kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, ardhi ikishapoa.

Msidanganywe na neno "mita 1,200" lililoandikwa kwenye boksi kama umbali wa kuona. Chukua kamera yenye pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, za mikromita 12 na lenzi ya milimita 25. Kwa umbali wa kilomita moja, kila pikseli inafunika karibu nusu mita. Mtu anakuwa doa la upana wa pikseli moja. Umegundua kuna kitu, lakini hujui ni jirani yako, nguruwe mwitu au kisiki kilichoungua jana.

Kwa tembo hesabu ni tamu zaidi. Akiwa mita 200, pikseli hiyo hiyo inafunika sentimita kumi tu, kwa hiyo tembo wa mita tano kutoka kichwani hadi mkiani, akionekana ubavuni, anachukua pikseli hamsini. Huwezi kumdhania ng'ombe. Majani mazito yatamficha, maana kamera hii haipenyi kichaka. Inachungulia katika matundu tu. Taa ya infraredi ni mbaya zaidi hapo: inamulika majani ya karibu mpaka nyuma yake hupaoni. Ndiyo maana nasisitiza kamera ya joto kwa mlinzi wa shamba.

Na hili nawaomba kwa moyo wote, hasa vijana. Kifaa hiki ni cha kujua mapema, ukaamsha majirani, ukawapigia simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukawaondoa watoto njiani. Hakikupi ruhusa ya kumsogelea tembo gizani. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Asije mtu akakinunua kwa ajili ya paa.

Kasa ni habari nyingine. Kasa wa kijani anayepanda kutaga ametoka majini na joto linalokaribiana na la bahari, na mchanga nao haujapoa sana. Kamera ya joto inaweza kumpita, hasa mapema usiku. Darubini ya usiku inaonyesha umbo la gamba na, muhimu zaidi, njia aliyokokota juu ya mchanga. Tochi nyeupe izimeni kabisa, inamrudisha baharini kabla hajataga. Tegemeeni mwezi na nyota, na hata taa ya infraredi msimwelekezee usoni.

Naona mzee wa mashua ameinua mkono: je, kamera ya joto itamwonyesha mwamba chini ya maji? Hapana, mzee wangu. Miale hiyo haitoki ndani ya maji, utaona uso wa bahari tu. Itakuonyesha kichwa cha aliyeanguka majini au injini ya mashua nyingine, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mwamba unabaki kwako na kwa hesabu yako ya maji kupwa na kujaa.

Pale mezani kuna vifaa viwili. Njooni mjaribu, mmoja mmoja. Kile chenye mrija tafadhali msikiwashe mpaka tuzime taa za ukumbi. Mwanga mkali unauharibu mrija.