Pikipiki Zisizofika Kwetu, na Boxer Isiyouzwa Kwao

(Mhadhara kwa mafundi na waendesha bodaboda, Kampala)

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, kaka na dada mliosimamisha kazi mchana huu, habari za saa hizi. Humu ndani namwona mtu wa Arua, wa Busia, wa Kasese na wa Bombo, na Kiswahili ndicho kimetukalisha pamoja. Asanteni.

Nimeombwa nizungumzie pikipiki za mtindo wa zamani zinazouzwa ng'ambo tu. Mnazijua kwa picha, maana vijana hunionyesha kwenye simu zao kila mara. Taa ya mviringo, tangi lililochongeka kuelekea kwenye kiti, kiti kirefu kilichonyooka, mafla ya kromu, injini imeanikwa wazi unaweza kuhesabu mapezi yake. Kisha linakuja swali: hii nitaipata wapi? Mara nyingi jibu ni kwamba hapa huipati. Lakini mjue kuwa Mmarekani naye, pamoja na pesa zake, nyingi kati ya hizo kwao haziuzwi.

Kwa nini kiwanda kiunde kitu kizuri namna ile kisha kikiuze nchi moja au mbili? Kwanza sheria, pili hesabu, na mbili hizi haziachani. Kila soko lina masharti yake ya moshi, kelele, breki na taa. Modeli inayotaka kuingia Marekani inapimwa kwa masharti ya Marekani, inayotaka Ulaya inapimwa kwa ya Ulaya, na vipimo vyote hivyo vinalipiwa kabla pikipiki moja haijauzwa. Kiwanda kikiona wanunuzi hawatatosha kurudisha gharama, modeli inabaki nyumbani.

Tena kuna leseni. Japani, leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia injini ya ukubwa wa cc 400. Ndiyo maana mwaka 1978 Yamaha ilitoa ndugu wawili kwa pamoja, SR500 na SR400. Pistoni zao zina kipenyo kilekile, milimita 87, ila ya SR400 inasafiri kwa ufupi zaidi ndani ya silinda ili injini isivuke mpaka wa leseni. SR500 iliuzwa nje. SR400 ilikaa kwao miaka na miaka, na Marekani ilifika mwaka 2014, ikiwa imeshazeeka.

Nataka tuitazame hiyo SR400 kwa karibu, kwa sababu naipenda na kwa sababu ina somo kwa fundi. Haina stata ya umeme. Haijawahi kuwa nayo. Mwenye kuiwasha anafungua swichi, kisha kwa mkono wa kushoto anabana kijiti kidogo kilicho karibu na klachi. Kijiti hicho kinafungua vali ya moshi kidogo tu, mgandamizo unatoka. Sasa anashusha kiki polepole kwa mguu huku akichungulia kidirisha cha kioo kwenye kichwa cha silinda. Hapo kwenye kidirisha inajitokeza alama yenye rangi ya fedha. Alama hiyo inamwambia kwamba pistoni imevuka kilele kidogo, iko pale panapotakiwa. Anaachia kijiti, anarudisha kiki juu, kisha anaikanyaga hadi chini bila kuvuta mafuta hata kidogo. Inawaka.

Kiwanda kilipoondoa karbureta na kuweka mfumo wa kupuliza mafuta, kiki ilibaki na kidirisha kikabaki. Walijua wanunuzi wao wanatafuta nini. Mtu anayefanya kazi ofisini, ambaye kila chombo chake kinawashwa kwa kitufe na kikiharibika kinafungwa kwenye sanduku na kurudishwa dukani, anataka kitu kimoja maishani mwake anachokielewa. Anataka kuona hewa inaipoza injini kupitia mapezi, kuona cheni, kuona waya wa klachi unaingia wapi. Mimi nasema hilo ndilo linalovuta watu kuliko kromu na rangi. Mashine iliyofunikwa kwa plastiki haikupi nafasi ya kuijua. Hii inakuambia mpaka pistoni yake iko wapi.

Mwaka 2021 masharti mapya ya breki na ya moshi yalipobana, Yamaha ikatoa toleo la mwisho kwa soko la Japani, na SR400 ikasimama pale baada ya zaidi ya miaka 40.

Kawasaki nao wana W650 ya mwaka 1999. Upande wa kulia wa injini yake kuna bomba limesimama wima. Ndani ya bomba mna shafti yenye gia za pembe, ndiyo inayozungusha kemshafti, ile inayofungua vali, mahali ambapo wengine wameweka cheni. Ni njia ya gharama na ingeweza kuachwa. Waliiweka kwa sababu inapendeza, na mimi siwalaumu. Ukoo wake ni mrefu: Kawasaki iliichukua kampuni ya Meguro, Meguro ilikuwa imeunda pikipiki kwa kufuata BSA A7 ya Uingereza, na kutoka huko ikazaliwa W1 ya mwaka 1966. Marekani waliiona W650 kwa muda mfupi, ikaondolewa, wakati Japani iliendelea. Jina la Meguro lenyewe limefufuliwa mwaka 2021, kwa Wajapani.

Hata hivyo mapenzi ya picha na mapenzi ya mkoba si kitu kimoja. Honda iliwapelekea Wamarekani GB500 mwaka 1989 na 1990, silinda moja, sura yote ya pikipiki ya Kiingereza ya kale. Ilisota madukani. Leo wapenzi wa huko wanaisaka. Kwa hiyo mwenye kiwanda akisita kuleta modeli ya namna hii, ana kumbukumbu zake.

Sasa nije nyumbani, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Tokeni nje mwangalie pikipiki mlizoegesha. Boxer, Boxer, TVS, Boxer. Ichukueni Boxer muisome kama mnavyosoma zile picha za simu. Silinda moja iliyoanikwa wazi. Inapozwa na upepo. Sokabzoba mbili nyuma, kila moja upande wake. Rimu za spoki. Kiti kirefu cha watu wawili, ambacho sisi tunakalisha zaidi, na hilo tuliache kwa leo. Kiki ipo. Mafla ndefu iliyolala. Hakuna kitu kati ya hivi kilichowekwa kwa mapambo. Vimewekwa kwa sababu vinafanya kazi, vinatengenezeka chini ya mti kwa spana chache, na spea yake inapatikana kuanzia soko la Kisekka hapa mjini mpaka senta ya mwisho kijijini.

Na sikilizeni hili. Boxer za kwanza India ziliuzwa zikiwa na jina la Kawasaki ubavuni, kwa sababu Bajaj, kampuni ya Kihindi inayoiunda, na Kawasaki walishirikiana kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980. Baadaye soko la India likageuka, wanunuzi wakataka sura nyingine. Bajaj ilipojaribu kuirudisha kwao Boxer ya cc 150 mwaka 2011, haikushika, ikaondolewa. Huku Afrika ikaendelea kuuzwa mpaka ikawa ndiyo barabara yenyewe. Maana yake, kwa kijana wa Pune, India, anayependa pikipiki za mtindo wa zamani, Boxer ya Kampala ni pikipiki inayouzwa ng'ambo tu. Inaundwa nchini kwake, inapakiwa melini, inakuja kwetu, na yeye dukani haikuti.

Sisemi hivi ili mtu aache kuitamani SR400. Nasema ili fundi wa hapa ajue ana nini mkononi. Kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wapate mashine ambayo binadamu anaweza kuifungua, kuielewa na kuifunga. Ujuzi huo ninyi mnao, mnautumia kila siku kwa mteja mwenye haraka aliyesimama pembeni akiuliza bado dakika ngapi. Unaniuma ukidharauliwa, na unaniuma zaidi mkiudharau wenyewe.

Tena mpaka kati ya pikipiki za kwenye picha na hizi zetu za kazi si mpana kama unavyoonekana. Triumph Speed 400, yenye sura ya kizamani na jina kubwa la Kiingereza, tangu mwaka 2023 inaundwa India na Bajaj huyo huyo wa Boxer. Na Royal Enfield Bullet, ambayo wengi mnaiweka kwenye fungu la pikipiki za Wazungu, ilianza kuunganishwa Madras, India, mwaka 1955. Kiwanda cha Redditch, Uingereza, kilipofungwa, Madras iliendelea, na mwaka 1977 Wahindi wakaanza kuwauzia Waingereza pikipiki ya Kiingereza.

Anayefikiria kuagiza moja, nimwombe jambo. Kabla ya kuulizia bei, aulizie spea. Gaskiti, sahani za klachi, cheni ya kemshafti, waya wa mita. Kama kila kitu kinatoka Japani kimoja kimoja kwa posta, pikipiki hiyo itakaa miezi uani ikisubiri kifaa cha ukubwa wa kidole. Aulizie ushuru kwa maandishi kabla kontena halijafika Mombasa. Aulizie pia iwapo ina karbureta au inapuliza mafuta, kwa sababu ya pili ikigoma barabarani Mubende, bisibisi haitatosha.

Kwa hali ilivyo, ningemshauri aitazame Honda GB350. Ilitoka kwanza India mwaka 2020 kwa jina la H'ness CB350, Japani ikaipata mwaka 2021. Silinda moja, cc 348, bado inapozwa na upepo na bado imepita masharti ya moshi ya siku hizi. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 70 na inasafiri milimita 90.5, kwa hiyo inavuta kwa nguvu ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, jambo ambalo yeyote aliyepanda kilima cha Kabale na mizigo analielewa. India ni njia ya spea tunayoijua, meli zake zinatuletea vifaa. Waagizaji wa pikipiki waliopo humu ndani, nawaomba mpige hesabu ya modeli hiyo kwa dhati, mje mtuambie imetoka shilingi ngapi.

Dada fundi pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja kile kidirisha. Karibu, uliza.