Pembe za Shamba: Imani Inayowaachia Wengine Nafasi

Wapendwa katika Bwana, nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumze juu ya kuishi imani yetu kwa namna inayowabariki wengine. Tukisikia hivyo, wengi wetu tunakimbilia Mathayo 25: wenye njaa, wageni, wafungwa. Ni sura ninayoipenda sana. Lakini leo naomba tuanzie nyuma zaidi, kwenye sheria ambazo wengi huziruka wakisoma Biblia, Mambo ya Walawi 19, mstari wa 9 na wa 10.

Mungu anamwambia mwenye shamba: unapovuna, usivune kabisa kabisa pembe za shamba lako. Masuke yakianguka, usirudi kuyaokota. Zabibu zilizodondoka nazo ziache. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza mganda uliosahauliwa: ukiukumbuka baadaye, usirudi kuuchukua, ni wa mgeni, yatima na mjane. Sababu inatolewa hapohapo: kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri.

Sasa angalieni mpangilio wake. Mungu hasemi vuna chote, jaza ghala, kisha ukiona ziada umpe maskini. Anasema pembe zisiguswe. Mwenye shamba anaamua kabla hajashika mundu. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Nia ya kubariki tunayo, tena ya kweli, ila tunategemea kubariki kwa kile kitakachobaki, na mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Mapato yameshapangiwa yote. Siku imejaa tangu alfajiri. Mtu akija na shida yake tunamhurumia kwa dhati, tunamwombea, halafu tunamwacha aende, kwa sababu hatukumwekea nafasi popote.

Tumtazame Boazi, mwenye shamba wa Bethlehemu, maana yeye alikuwa na pembe. Ruthu 2. Anafika shambani kutoka Bethlehemu, na neno lake la kwanza kwa wavunaji ni, "Bwana akae nanyi." Nao wanamjibu, "Bwana akubariki." Hawa ni watu wake wa kazi! Kabla hatujafika kwa maskini, jiulize kama wanaofanya kazi chini yako wanaweza kukuitikia hivyo wakimaanisha.

Kisha anamwona Ruthu akiokota masuke, Mmoabi, mgeni wa taifa lililokuwa na uhasama wa miaka na Israeli. Anawakataza vijana wasimguse. Anamruhusu anywe maji waliyoteka wao. Saa ya kula anamketisha pamoja na wavunaji na kumpa chakula kwa mkono wake mwenyewe. Lakini lililonigusa kuliko yote ni agizo analowapa vijana Ruthu akishainuka: chomoeni masuke kidogo katika miganda, mwachieni ayaokote, wala msimkemee.

Kwa nini hakumwita tu akampa gunia? Alikuwa na uwezo huo. Ruthu aliokota mpaka jioni, akapura alichookota, akapata efa moja ya shayiri, ambayo kwa makadirio ya kawaida ni kama lita 22. Akarudi mjini amebeba jasho lake, na heshima yake haikupungua hata chembe. Ukarimu wa Boazi ulifichwa ndani ya masuke yale. Inaniumiza kuona mjane akisimamishwa mbele ya kamera ameshika mfuko wa chakula ili wafadhili waonekane. Msaada ameupata, ndiyo, lakini ameulipia kwa uso wake.

Na katika sura ileile ya 19 ya Mambo ya Walawi, mstari wa 13, kuna neno ambalo halihubiriwi vya kutosha: ujira wa kibarua usikae kwako usiku kucha hata asubuhi. Naomba niliseme hili bila kulizunguka. Ukimcheleweshea mtu malipo yake halafu Jumapili ukatoa sadaka nono, umetoa haki ya mtu mwingine. Kumlipa kibarua jioni ileile ni ibada. Kutokuvuta bei chini mpaka fundi aondoke bila faida, hiyo nayo ni pembe.

Watu wa nje wanayaona mambo haya kuliko tunavyodhani. Mwaka 362 Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo na kutaka kurudisha ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Akaagiza makuhani wake nao wajenge nyumba za wageni katika kila mji. Hakuvutiwa na mafundisho yetu hata kidogo. Meza zetu ndizo zilizomsumbua.

Mtaniambia, mimi sina shamba. Muda unao. Katika 2 Timotheo 1, Paulo yuko kifungoni na anamtaja Onesiforo, mtu ambaye tunamjua kwa mistari michache tu. Anasema mara nyingi alimburudisha, hakuuonea haya mnyororo wake, na alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata. Fikirini kazi ya kumtafuta mfungwa katika mji mkubwa kama ule, kuuliza mlango kwa mlango habari za mtu ambaye kujulikana naye ni hatari. Hatuambiwi kama alihubiri hata mara moja. Alimtafuta, basi. Wako wagonjwa wa muda mrefu ambao miezi ya kwanza nyumba ilijaa watu, na sasa hakuna anayebisha hodi. Wako wafiwa ambao tuliwaacha baada ya mazishi. Hao wanahitaji mtu mwenye saa moja isiyopangiwa kitu kila juma, anayejua kwamba saa ile si yake.

Nimalizie na ninyi mliokaa hapa mkisema moyoni, mimi ndiye ninayeokota masazo, nitambariki nani? Rudini Ruthu 2, mstari wa 14 na wa 18. Alipokula shambani alishiba, akasaza. Kile alichosaza hakukimaliza njiani. Alikibeba mpaka nyumbani, akakitoa, akampa Naomi, mkwewe, mjane aliyekuwa amerudi mjini akisema Bwana amemrejesha mikono mitupu. Kwa hiyo hata mwokotaji alikuwa na pembe yake, na siku ile mlo wa Naomi ulitoka humo.