Mstari wa Kelele za Ndege: Bili Inamwangukia Nani?

SALMA: Haya, tuko hewani. Leo ni kelele za ndege, ila tunaziangalia kwa upande wa mfuko. Baraka, wewe husema ugomvi wote huanzia kwenye ramani.

BARAKA: Huanzia hapo. Kila uwanja mkubwa umezungushiwa mistari ya kuonyesha kelele za wastani zinafika wapi. Ndani ya mstari, nyumba, shule na hospitali hujengwa kwa masharti, au hazijengwi kabisa. Sasa usogeze huo mstari uone.

SALMA: Mtu anaamka kiwanja chake kimepanda bei, na yeye hajagusa hata jiwe.

BARAKA: Au kimeshuka. Chukua New Zealand. Kiwango chao cha taifa cha mwaka 1992 kinapendekeza mpaka wa nje uwe desibeli 55 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mji wao wa Christchurch, kwenye mipango yake, ukatumia 50. Utasema tano ni nini? Lakini ndege zile zile zikiongezeka mara mbili, wastani unapanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo kushusha tano ni kuusogeza mstari mbali zaidi na kuzuia ardhi kubwa sana, na malumbano yake yamekwenda miaka.

SALMA: Mimi niko na wajenzi hapo. Mji unataka nyumba, ardhi ipo, halafu unaambiwa kelele ambazo wengi hata hawazisikilizi zinakuzuia?

BARAKA: Hesabu ya mjenzi inaishia siku ya kukabidhi funguo. Akishauza, kaondoka zake. Anayebaki ni mnunuzi anayeamshwa alfajiri kila siku. Atalalamika, atamfuata mbunge wake, na siku moja uwanja unafungiwa usiku. Kupanua makazi leo ni kujitafutia marufuku ya kesho.

SALMA: Na usiku ukifungwa, mzigo ndio unaoumia. Uwanja wa Frankfurt, Ujerumani, tangu 2011, hakuna safari za ratiba kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Na ndiyo makao ya Lufthansa Cargo, shirika la ndege za mizigo.

BARAKA: Abiria nao wanaonja. Piga picha: radi imechelewesha ndege, watu wamefunga mikanda, wako kwenye foleni ya kuruka. Kuna kibali maalumu cha kuchelewa kidogo, lakini saa sita ikigonga, wote wanarudishwa. Shirika linalipa hoteli, saa za kazi za wahudumu zimekwisha, na asubuhi kuna mji mwingine unaingojea ndege hiyo hiyo.

SALMA: Sawa, lakini usinifanye nimsahau anayelala chini yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza kelele za ndege usiku zisizidi wastani wa desibeli 40. Mtu asipolala, mwajiri wake analipa, hospitali inalipa. Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya uwanja, ndiyo maana viwanja huhesabu hasara zao tu.

BARAKA: Hapo umenipata. Ila kupunguza ndege kwa amri nako kuna bei. Uholanzi mwaka 2022 ilitangaza kuishusha Schiphol, uwanja wa Amsterdam, hadi safari 440,000 kwa mwaka. Novemba 2023 wakasimamisha hatua ya kwanza, baada ya Marekani na Tume ya Ulaya kuja juu. Sheria ya Ulaya inataka kwanza upime njia nyingine: ndege tulivu zaidi, mipango ya ardhi, namna ya kupaa na kutua. Kukata safari ni la mwisho.

SALMA: Kilichowaumiza mashirika zaidi, nadhani, ni kutojua. Hawawezi kupanga ratiba, wala kuagiza ndege.

BARAKA: Kabisa. Sheria kali iliyotulia wataizoea. Hii ya kuyumba kila bajeti inawamaliza.

SALMA: Basi mimi ningeruhusu nyumba kwenye ukingo wa nje, lakini kwa madirisha ya vioo viwili vya kuzuia kelele, na onyo la kelele liandikwe kwenye hati ya kiwanja, si kwenye karatasi ya dalali.

BARAKA: Vioo vinafanya kazi dirisha likiwa limefungwa. Kwa hiyo umeongeza na mfumo wa kuingiza hewa. Nani analipa?

SALMA: Aliyejenga akijua mstari upo, alipe mwenyewe. Aliyekutwa na mstari, uwanja umlipie.

BARAKA: Na mstari ukisogezwa tena?

SALMA: Uwanja tena. Si ndio walioomba kuusogeza?