Mji Usio na Jua, na Laana Waliyobandikwa Wakazi Wake

(Mhadhara kwa vijana wanaoandika hadithi za kubuni, Kigoma Mjini)

Wazee wetu mliokuja, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliobeba madaftari, karibuni sana.

Mmeniomba nizungumzie elfi weusi. Wengi wenu mmewakuta kwenye michezo ya kompyuta na ya simu, na katika rasimu mlizonipa nisome nimewakuta tena: watu wembamba, masikio yamechongoka, ngozi nyeusi ti, nywele nyeupe, wanaishi mapangoni na kutoka usiku kuja kuua. Karibu kila rasimu inao, na karibu kila rasimu imewaacha vilevile, wabaya tangu tumboni mwa mama. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, lakini viumbe hawa nawapenda kwa dhati. Mji wao ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kubuniwa katika hadithi za aina hii. Ila kuna kitu walichobandikwa ambacho mji huo haukihitaji hata kidogo, na ndicho mnachoanza nacho kila mnapowanakili.

Tuanze walikotoka. Kule Iceland, mnamo mwaka 1220 hivi, Snorri Sturluson aliandika ngano za miungu ya kaskazini mwa Ulaya. Humo anawataja elfi wa mwanga, wanaokaa juu na kupendeza kuliko jua, na elfi wa giza, wanaokaa ndani ya ardhi, weusi kuliko lami. Maelezo yake ni mafupi mno. Lakini nchi ya elfi weusi anairudia anaposimulia habari za Fenrir, mbwa mwitu aliyekata kila mnyororo aliofungwa na miungu. Miungu iliposhindwa, ikatuma mjumbe chini, na mafundi wa nchi ile wakatengeneza kamba nyororo iliyofanana na utepe wa hariri. Waliitengeneza kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Kamba hiyo Fenrir hakuikata.

Mnaona nchi hiyo inajulikana kwa nini? Kwa ufundi. Snorri anawaita mafundi wale vijeba, na wasomi wengi wanaona kwamba kwake vijeba na elfi weusi ni watu walewale. Ni watu wa tanuri na nyundo, na miungu yenyewe ikikwama inapiga hodi kwao. Huku kwetu magharibi, ambako chuma kilifuliwa kwa karne nyingi, watu walimheshimu mhunzi na kumwogopa kwa wakati mmoja, kwa hiyo simulizi hiyo hatuipati kwa shida. Anayejua kutoa kitu kigumu ndani ya udongo lazima awe na siri.

Sasa turuke hadi Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji husimulia hadithi pamoja, kila mmoja akibeba mhusika wake na kurusha dadu pale penye bahati nasibu. Mwaka 1978 vikatoka vitabu vya safari za mchezo huo, vilivyowashusha wachezaji pango baada ya pango hadi kwenye mji mzima wa elfi weusi. Huko wanamwabudu Lolth, Malkia wa Buibui, na wanaotawala ni wanawake makuhani wake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1988, akaingia kwenye riwaya elfi mmoja aitwaye Drizzt Do'Urden, aliyeukimbia mji wake kwa sababu dhamiri ilimkataza kuishi kwa desturi zake. Mji huo unaitwa Menzoberranzan, na hapo nitakaa kidogo.

Mji uko ndani ya pango moja kubwa. Hakuna jua, hakuna mwezi, hakuna jogoo. Mtu atajuaje saa? Kuna nguzo ya jiwe iitwayo Narbondel. Kila siku mchawi mkuu wa mji anaitia joto kwenye shina lake. Joto linapanda polepole ndani ya jiwe, na wakazi, ambao macho yao yanaona joto, wanatazama limefika wapi, wanajua kama ni wakati wa kazi au wa kulala. Usiku wa manane nguzo yote imepoa. Nawaambieni, mtu aliyebuni nguzo hiyo alikaa akafikiri. Alijiuliza watu wa gizani wanakosa nini hasa, akawapa kitu ambacho sisi wa juu tusingekihitaji. Rasimu zenu nyingi zina mapango, lakini hakuna hata moja ambayo mhusika wake anajiuliza ni saa ngapi.

Kisha kuna sheria yao. Mji unaundwa na koo kubwa zilizopangwa kwa daraja, na kila ukoo unatamani kupanda kwa kuumaliza ukoo wa juu yake. Kuuvamia ukoo mwingine usiku na kuua wakuu wake kunavumiliwa, sharti ni moja: asibaki mkuu hata mmoja wa kushtaki. Akibaki mmoja akasimama na kutoa ushahidi, wavamizi wanaangamizwa na mji mzima. Sheria inaadhibu kubakiza shahidi. Hebu fikirini mtoto anayekulia humo anajifunza nini kuhusu haki, kuhusu ndugu, kuhusu kulala usingizi. Hapo ubaya una chanzo chake, unafundishwa, una shule na ibada. Msomaji anauelewa, na kwa kuuelewa anauogopa zaidi.

Sasa mwalimu wa baiolojia aseme yake.

Mjue kwanza kwamba giza la kudumu linabadilisha mwili. Ziwa letu hapa lina kina cha mita 1,470, lakini chini sana hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki wetu wanaishi tabaka la juu. Mfano nitakaowapa uko upande wa pili wa Kongo. Katika Mto Kongo, sehemu ya chini penye maporomoko, mto una mashimo marefu mno. Humo anaishi samaki aitwaye Lamprologus lethops. Ni wa familia moja na kuhe mnayemla hapa, na ukoo wake wa karibu umo kwenye ziwa hili hili. Hana rangi, mweupe kwa waridi, na macho yake yamefunikwa na ngozi. Mapango ya Slovenia na Kroatia yana salamanda aitwaye olm, naye hali ni hiyo hiyo. Rangi ya ngozi ni kinga dhidi ya jua. Pasipo jua haina kazi, na vizazi vikipita inapotea. Macho nayo yanakula nguvu nyingi za mwili, na pangoni chakula ni haba.

Kwa hiyo watu waliokaa chini ya ardhi miaka elfu kumi hawana sababu yoyote ya kimaumbile ya kuwa weusi. Wangepauka. Rangi ile haikutoka pangoni, imeletwa na msimuliaji.

Kabla sijafika huko, niwape haki yao wabunifu wale, kwa sababu mengine waliyapatia vizuri mno. Elfi wanaishi karne nyingi. Olm anakadiriwa kuweza kufikisha miaka 100, naye ni mnyama mdogo mwenye urefu wa rula ya shule. Kenya, Somalia na Ethiopia kuna fuko asiye na manyoya, anayeishi kwenye mahandaki kwa makundi. Panya wa kawaida anaishi miaka miwili au mitatu, fuko huyu anapita 30. Na kundi lake linatawaliwa na jike mmoja, malkia, ambaye ndiye pekee anayezaa. Wengine anawasukuma na kuwakandamiza mpaka miili yao inaacha uzazi. Hapo tuna maisha marefu, utawala wa kike, na daraja zinazolindwa kwa vitisho. Anayetafuta mfano hai wa Menzoberranzan aanzie hapo.

Na chakula? Katika hadithi, elfi wanalima uyoga. Wapo wasomaji wanaoona ni jambo la ajabu kupita kiasi. Ninyi msilione hivyo, maana mmezaliwa katikati ya vichuguu. Mchwa wakubwa wa miombo, kuanzia hapa mpaka Tabora, ni wakulima. Wanaleta majani na miti iliyotafunwa, wanaijenga kuwa bustani ndani ya kichuguu, na juu yake wanaotesha kuvu. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo inachomoza nje kama uyoga ule mkubwa mnaoununua kwa mafungu. Huo ni mji wa chini, wenye malkia, askari, watumishi na mashamba. Lakini angalieni jambo moja: malighafi yote inatoka juu. Uyoga hautengenezi chakula kutokana na giza, unaozesha kilichotengenezwa na jua. Mji wenu wa elfi lazima uwe na mlango, na mlangoni pawe na watu wanaoingiza kuni na majani. Bila hao, mji unakufa njaa. Kama hamtaki mlango, ipo njia nyingine. Katika pango la Movile kule Romania, lililogunduliwa mwaka 1986, bakteria wanatengeneza chakula kwa kutumia kemikali za salfa zilizomo majini, na wadudu wa humo wanaishi kwa hao. Lakini ni viumbe wadogo. Mji wa watu 20,000 wenye majumba ya kifahari hauwezi kusimama juu ya utando wa bakteria.

Basi turudi kwenye rangi. Katika masimulizi ya mchezo, elfi hawa zamani waliishi juu pamoja na wenzao. Wakamfuata Lolth, wakaasi, wakashindwa, wakafukuzwa kwenda chini, na ngozi yao ikawa nyeusi kama alama ya dhambi. Kila mtoto anazaliwa na alama hiyo. Hapo ndipo mimi nasimama. Ule ubaya wa kufundishwa niliowasifia, wenye sheria ya shahidi na shule ya makuhani, unaharibiwa na laana hii, kwa sababu laana inamwambia msomaji kwamba haikuwa lazima kuwafundisha. Ngozi ilishasema.

Na sisi tunasikia hayo tukiwa Kigoma. Ujiji ni mwendo mfupi kutoka ukumbi huu. Stanley alifika pale mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, na mwaka 1878 akachapisha kitabu ambacho kwenye jina lake Afrika inaitwa bara la giza. Pale Ujiji palikuwa na soko, michikichi na watu wa makabila mengi wakijadiliana bei. Jina halikuangalia hayo. Kwa hiyo kijana wa Ujiji anapoandika kwa mkono wake kwamba kabila fulani ni jeusi kwa sababu babu zao walilaaniwa, mimi siwezi kumpa alama za ubunifu na kunyamaza.

Wenye mchezo wenyewe walilitazama suala hili. Mwaka 2020 kampuni inayouchapisha ilitangaza kwamba elfi weusi wataonyeshwa kuwa watu wenye tabia na tamaduni mbalimbali kama watu wengine, na mwaka 2021 zikaongezwa jamii za elfi weusi wasiomfuata Lolth kabisa. Naona walifanya vyema. Kumtegemea Drizzt peke yake hakukutosha. Mwema mmoja anayesifiwa kwa kuwa tofauti na kabila lake anaipa ile laana nguvu zaidi, maana kila anaposifiwa, kabila lote linahukumiwa upya.

Sasa, kama mnawataka weusi, na mimi pia nawataka weusi, wapeni weusi wao sababu. Mfano tunao kwenye kichuguu. Vunjeni ukuta mtazame mchwa watumishi: wamepauka, karibu wote vipofu. Kisha mkumbukeni kumbikumbi anayetoka kwenye kichuguu hicho hicho baada ya mvua za kwanza. Yeye ana mabawa, ana macho kamili, na mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyoiva hadi nyeusi. Ni watoto wa malkia mmoja. Aliyeandaliwa kuliona jua ndiye aliyepewa rangi na macho.

Andikeni mji ambao wengi ni weupe na hawaoni, wanahisi kwa vidole na kwa mtetemo wa mwamba, na kila kizazi wanazaliwa wachache weusi wenye macho. Hao ndio wa mlangoni. Ndio wanaokwenda juu kutafuta kuni, kujua misimu, kufanya biashara, na siku ya mvua ya kwanza baadhi yao wanaondoka moja kwa moja kwenda kuanzisha mji mwingine, huku wakijua kwamba kumbikumbi wengi wanaliwa kabla ya asubuhi. Mama anajifungua mtoto mweusi: afurahi au alie? Ndugu yake mweupe amwonee wivu au huruma? Na yule aliyerudi kutoka juu atawaelezaje nyota watu ambao hawajawahi kuwa na macho?

Nimepokea swali kutoka kwa binti aliyekaa pale dirishani: je, hao weusi wakitoka mchana hawatapofuka? Swali zuri. Jicho la mtu linahitaji takriban nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na kuuzoea mwanga ni dakika chache tu, ila aliyekulia gizani ataumia zaidi. Kwa hiyo watoke usiku kwanza. Na wakitokea upande wa ziwa, siku ambazo hakuna mwezi, watakuta maji yote yamejaa taa za wavuvi wa dagaa, kuanzia Kibirizi hadi upeo wa macho. Mwandike hapo wanadhani ni nini. Kurasa mbili, mniletee tukikutana tena.