Vibao vya Chuma vya Njia Panda za Uingereza

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Idrisa, ambaye wiki nzima amenishikia bango kuhusu vibao vya barabarani. Tena vya Uingereza, huko mashamba. Kaka, kulikoni?

IDRISA: Dada, cheka tu. Nazungumzia zile nguzo za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, zilizoko njia panda za vijijini, kwenye kaunti kama Dorset, Somerset, Yorkshire. Nguzo imesimama, mikono imetoka huku na huku, kila mkono una jina la kijiji na maili zake. Na kwenye maili hawana mchezo, hata robo wanaiandika.

REHEMA: Kwetu ungeambiwa "hapo mbele tu".

IDRISA: Unatembea mpaka jua linazama! Sasa, desturi yenyewe ni ya kale. Karibu na Chipping Campden, mji mdogo wa huko, ipo nguzo ya mwaka 1669. Sheria ya 1697 iliwapa mahakimu ruhusa ya kuweka vibao njia panda, na ya 1773 ikavifanya lazima kwenye barabara za kulipia. Ila hivi vya mikono vinavyoonekana leo, vingi ni vya baada ya 1921, Wizara ya Uchukuzi ilipotoa mfano wa kufuata: herufi kubwa, ubao mweupe, nguzo nyeupe. Kila kaunti ikaongeza mbwembwe zake. Dorset, kwa mfano, waliweka duara kileleni lenye jina la njia panda yenyewe na namba zake za gridi ya ramani.

REHEMA: Yaani kinakwambia uendako, na pia kinakwambia ulipo.

IDRISA: Hapo hapo ndipo nilipotaka ufike. Kibao cha namna hii kinasema kweli mahali pamoja tu. Kipeleke makumbusho, au mtu akipachike bustanini kwake, kitakuelekeza mji wa Sherborne kumbe Sherborne iko mgongoni mwako.

REHEMA: Lakini bora makumbusho kuliko kiliwe na kutu.

IDRISA: Sikubali. Waingereza wenyewe walilijua hilo mwaka 1940. Walipohofia Wajerumani watavuka bahari, waling'oa vibao nchi nzima ili adui akitua asijue pa kushika. Kuanzia 1944 wakaanza kuvirudisha.

REHEMA: Vyote?

IDRISA: Wapi! Na vilivyorudi vikakutana na kanuni za 1964, zilizoleta alama mpya za kusomeka ukiwa mwendo kasi. Halmashauri zilihimizwa kubadilisha, ila hazikulazimishwa. Pengo hilo ndilo lililoviokoa vilivyobaki.

REHEMA: Na alama mpya si zilihitajika? Gari la maili sitini kwa saa litasoma saa ngapi kimkono kile?

IDRISA: Barabara kuu, sawa kabisa. Lakini kichochoro cha trekta na kondoo? Hapo kibao cha zamani kinatosha. Mwaka 2005 Wizara ya Uchukuzi na English Heritage, shirika la kutunza urithi wa kihistoria, walitoa mwongozo: vilivyopo vibaki pale pale vilipo, vipakwe rangi kila miaka mitano.

REHEMA: Pesa ya nani?

IDRISA: Ndiyo kasheshe. Halmashauri zimebanwa, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na wanakijiji wa kujitolea. Wanaomba ruhusa kwanza, maana ile ni mali ya mamlaka ya barabara. Halafu kuna rangi ya zamani, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukiipiga msasa mkavu, vumbi lote unavuta wewe.

REHEMA: Na kikigongwa na lori? Si unamwita fundi wa kuchomelea?

IDRISA: Chuma cha kusubu hakipindi, kinakatika. Na ukikichomelea kama chuma cha geti, kitapasuka pembeni ya kiungo. Lazima kipashwe moto taratibu, fundi awe anakijua. Mara nyingi mkono unasubiwa upya. Nao ukitumia mkono wa zamani kama kielezo cha kutengenezea kalibu, mpya utatoka mfupi kidogo, kwa sababu chuma kikipoa kinanywea. Fundi makini anakiongeza kielezo ukubwa.

REHEMA: Na herufi?

IDRISA: Zimeinuka juu ya ubao. Unapaka ubao wote mweupe, ukikauka unapitisha rola yenye rangi nyeusi juu ya herufi. Huhitaji msanii. Nadhani aliyebuni hilo alijua wapakaji watakuwa akina sisi.

REHEMA: Kwa hiyo vyote ni nyeusi na nyeupe?

IDRISA: Isipokuwa rangi nyingine iwe na ushahidi wa kihistoria. Dorset zipo nguzo chache nyekundu. Wenyeji husimulia ziliwaonyesha njia askari waliokuwa wakiwaswaga wafungwa kwa miguu kwenda kupakiwa meli za Australia.

REHEMA: Husimulia.

IDRISA: Dada, nimesema husimulia! Nguzo ni nyekundu, hilo halina ubishi. Sababu kabishane na wazee wa Dorset.