Mistari ya Nili: Blanketi la Sufu katika Biashara ya Ngozi za Biva

Mabibi na mabwana, karibuni. Wauza vitu vya kale wengi wa Kanada watakuambia kwamba vijistari vya buluu vilivyo ukingoni mwa blanketi la kale la Hudson's Bay Company, kampuni ya Kiingereza iliyonunua ngozi huko Kanada, vilikuwa bei yake: mstari mmoja, ngozi moja ya biva, yule mnyama wa mitoni mwenye manyoya mazito. Si kweli. Vilionyesha ukubwa. Na ili kujua kwa nini ukubwa uliandikwa kwa uzi, tuanze kwa mfumaji, mwindaji tutamfikia baadaye.

Mfumaji huyo alikuwa Witney, mji mdogo wa Oxfordshire, Uingereza, kando ya mto Windrush. Sufu yake ilikuwa fupi, nyingi ikiwa imeng'olewa kwenye ngozi za kondoo waliochinjwa. Kitambaa kilifumwa kwa kulegea, kipana kuliko kilivyotakiwa, kisha kikapelekwa kwenye kinu cha maji. Mafuta yalitolewa kwa udongo maalumu na mkojo uliochacha (mnisamehe, ndivyo ilivyokuwa), halafu nyundo nzito za mbao zikakitwanga kikiwa kimelowa mpaka nyuzi zikashikamana na kitambaa kikanywea. Hapo ndipo kazi ilipoharibikia. Kikitwangwa kidogo, upepo hupenya. Kikizidishwa, blanketi hukakamaa na kuwa dogo. Kikitoka kinuni kiliwambwa kwenye fremu zenye kulabu, kikavutwa hadi vipimo vyake na kukauka, ndipo uso ukachanwa kwa vichwa vya miiba ili malaika ya sufu yasimame. Ukichana kupita kiasi, unabaki na blanketi laini lisilo na mwili.

Mistari iliwekwa kwa mkono kitambaa kikiwa bado kwenye mtambo: uzi wa nili, rangi ya buluu iliyokolea, ulipitishwa sambamba na mshindio, karibu na ukingo. Mstari mzima ulikuwa na urefu wa inchi 4 hadi 5 na nusu. Nusu mstari, nusu ya hapo. Faida yake utaiona ghalani. Robota limefungwa, blanketi zimekunjwa. Huhitaji kukunjua hata moja. Unahesabu mistari, unajua hili ni la mtoto, lile la mtu mzima.

Hudson's Bay Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1670, ilikuwa ikiuza blanketi miaka mingi kabla ya kuanza kuagiza zenye mistari. Mwishoni mwa 1779, kwa ushauri wa Germain Maugenest, mfanyabiashara aliyetokea Montreal, iliagiza jozi 500 kwa Thomas Empson wa Witney: jozi 100 kwa kila ukubwa, yaani mstari 1, 1 na nusu, 2, 2 na nusu, na 3. Mwaka 1780 mzigo ulipelekwa Fort Albany, kituo cha biashara cha kampuni hiyo huko Kanada.

Bei ilikuwa na kipimo chake: ngozi moja nzuri ya biva aliyekomaa. Kwa ngozi hiyo zilithaminiwa ngozi za wanyama wengine, bunduki, sindano na blanketi, kama doti ya merikani, kile kitambaa cha pamba, ilivyokuwa fedha katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Bei kwa ngozi ilipanda na kushuka kati ya kituo na kituo, hasa palipokuwa na washindani. Mistari ilikuwa imekwisha kufumwa Witney. Basi ingewezaje kuwa bei?

Wenyeji wa Kanada walinunua blanketi kwa sababu zao. Ngozi ya mnyama ikilowa hukawia kukauka, sufu hutunza joto hata ikiwa na maji, na blanketi moja lilikatwa na kushonwa koti lenye kofia. Wengi walipenda jeupe, maana halionekani kwenye theluji.

Ile milia mipana ya kijani, nyekundu, njano na nili uionayo kwenye baadhi ya blanketi hizi ni jambo jingine. Haielezi ukubwa wala bei. Lebo ya kampuni ilianza kushonwa mwaka 1890, kwa kuwa blanketi za kufanana nazo zilikuwa zimejaa sokoni. Kwa hiyo ukiuziwa "la 1820" lenye lebo yake ya asili, rudisha. Lisipokuwa na lebo, geuza ukingo utazame mistari: iliyotariziwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa imeongezwa baadaye.